Kiti cha Fundi

Buyenzi, Bujumbura
11 Januari 1998

Dada yangu Mwantum,

Salamu za Ramadhani zikufikie wewe na mpwa wangu Houda huko Ujiji, na kama Bi Fatouma anayetuvushia barua na pesa hatakwamishwa tena na askari wa ziwani, zikufikie kabla ya Idi. Sisi huku wazima. Swaumu inakwenda. Mchele umepanda bei tena kwa ajili ya vikwazo, na sukari tunaionja kwa wenye nayo. Nyumba yako nimeziba paa upande wa jikoni, pale palipovuja tangu mlipokimbia. Jirani aliomba apangishiwe, nikamwambia mwenye nyumba hajahama, amekwenda kutembea tu. Mwezi wa tatu utakuwa mwaka wa tatu wa kutembea.

Shemeji Huseni mzima, bado analala kwangu, na bado anakoroma. Sijui ulimvumiliaje miaka yote ile. Nadhani wewe ulikimbia huo mkoromo, vita ni kisingizio.

Sasa nikueleze linalonikaa kooni. Tangu barabara ya juu iharibike kwa mashambulizi, patroni wetu Herménégilde anawapa madereva wake primu, yaani pesa ya hatari juu ya mshahara. Safari moja ya shemeji kwenda Kayanza na kurudi, siku mbili, inalipwa sawa na mwezi wangu mzima. Simwonei wivu, ni mume wako na chakula cha Houda. Lakini hizo breki anazozikanyaga yeye, nani anayezifunga? Lori likiteremka na tani ishirini mgongoni, linashikwa na kazi ya mikono ya nani?

Na si hilo tu. Desturi ya garaje zetu unaijua tangu enzi za baba: fundi aliyefunga gurudumu hupanda na gari mpaka juu Bugarama, akae kiti cha kulia kando ya dereva, asikilize. Dereva kashika usukani, fundi katega sikio. Kwenye kona za mwisho shemeji huniuliza maneno yale yale kila safari: "We fundi, unasikia nini?" Nami namjibu: "Mi nasikia safi." Nikishuka ananinunulia sahani ya maharage, narudi na konvoi inayoteremka, ule msafara wa malori unaolindwa na wanajeshi. Hiyo sahani ndiyo primu yangu. Risasi ikija haitauliza nani dereva nani fundi.

Basi naomba umwambie mumeo azungumze na patroni, kiti cha fundi nacho kilipwe, hata nusu. Yeye anasikilizwa. Mimi nikisema naambiwa mafundi wamejaa Buyenzi.

Pesa ya shemeji ya mwezi iko kwa Bi Fatouma. Shemeji mwenyewe anataka kuandika mstari wake hapa chini, nampisha.

Ndugu yako,
Uthmani

Mama Houda, usimusikilize huyu fundi, anapenda kulia. Nimetoa noti moja ya kahawa. Mi muzima. Huseni.


Ujiji, Kigoma
20 Februari 1998

Mdogo wangu Uthmani,

Barua yako imenikuta Idi imekwisha zamani, lakini salamu haziozi, nimezipokea. Sisi hatujambo. Houda amepoteza meno mawili ya mbele na amekataa kucheka mpaka yaote. Vitumbua vyangu vinatoka, ingawa mafuta yamepanda. Moyo wangu ule wa kwenda mbio umerudi kidogo mwezi huu. Bi Irène, jirani yangu Mkongomani ambaye ni muuguzi, ananiambia nipunguze mawazo. Hakuniambia nianzie lipi.

Mwambie mume wangu kahawa yake imekuwa ghali. Tangu tuoane hajaniletea pesa nzima hata mwezi mmoja. Lazima achomoe noti ya kahawa, kisha akiri kana kwamba kukiri ndiko kulipa.

Nimelisoma neno lako mara tatu. Una haki, mdogo wangu, na nakwambia hivyo kwanza ili usinikasirikie baadaye. Lakini ile pesa ya Huseni usiiite mshahara. Anayeshika usukani kule juu hawezi kuruka, hawezi kulala chini, kila bunduki inamtafuta yeye kwanza ili gari lisimame. Pesa ile ni ya shingo yake. Na pesa hiyo ndiyo tunayoishi. Mimi naamka alfajiri kukaanga, nasimama juani mpaka adhuhuri, na ninachopata hakimtoshi mtoto madaftari. Hakuna aliyekaa akapima jasho la mtu kisha akaandika bei.

Naogopa. Huseni akifungua mdomo, patroni atatafuta dereva asiyeufungua. Wenye njaa ni wengi. Kwa hiyo nimemwandikia Huseni karatasi yake, imo humu ndani, imefungwa. Mpe mwenyewe.

Nawe nakuomba, endelea kupanda naye. Nikijua uko kwenye kile kiti, moyo unatulia. Ningekuwa na uwezo ningekulipa mimi.

Dada yako,
Mwantum


Buyenzi
29 Machi 1998

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu sana. Nakusalimu tena. Houda msalimu, mwambie meno yataota, mjomba amesema. Bi Irène msalimu pia na umshukuru kwa kukuangalia. Vipi moyo? Niandikie kuhusu moyo wako kabla ya jambo lolote, nataka kujua kama umetulia.

Mvua zimekuwa kubwa. Paa la jikoni kwako limehimili. Karatasi uliyomwandikia shemeji ilifika na aliisoma. Nyumba imekuwa kimya siku hizi, hakuna anayekoroma.

Patroni alinikabidhi pesa ya shemeji mkononi, nikutumie. Iko yote kwa Bi Fatouma. Mnunulie Houda nguo ya Idi inayokuja, nawe usijisahau, nunua chochote kizuri.

Lile jambo la kiti cha fundi tuliache. Sitaki tena kulizungumza.

Ningeandika zaidi ila mikono ina grisi na karatasi inachafuka. Usiwe na haraka ya kunijibu.

Ndugu yako,
Uthmani


Ujiji
3 Mei 1998

Mdogo wangu,

Wewe uliyekuwa ukinijazia kurasa mbili za manung'uniko, leo unaniletea kipande chenye salamu tupu? Nimeigeuza karatasi nyuma nikitafuta mstari wa Huseni, sikuuona. Mwambie kama kalamu imekwisha wino, aje mwenyewe, wino uko huku.

Idi ilikuwa nzuri mno, na nawaombea dua nyote wawili. Nilimshonea Houda gauni la kijani. Mimi nilinunua kanga mpya na udi, nikapaka hina mpaka viwikoni. Niliona aibu kidogo, mwanamke wa umri wangu, mume yuko ng'ambo ya ziwa. Bi Irène alinicheka, akasema nimejiremba kama bibi harusi. Nilijifukiza udi siku tatu mfululizo. Sijafurahi namna ile tangu tufike huku.

Moyo umetulia, kwa kuwa umeuliza.

Nina kisa cha kukuchekesha. Bi Irène amepata kazi kwenye zahanati moja ya wakimbizi. Wanampeleka kambini kwa gari, anazalisha wanawake siku nzima, jioni wanamrudisha. Mwisho wa mwezi akagundua dereva wa lile gari analipwa mara mbili yake. Akaja kwangu na hasira zake. "Mama Houda, mi nazalisha batoto," akasema, "ule anazalisha vumbi." Tulicheka mpaka machozi. Kisha nikaona mume wangu naye anazalisha vumbi, na mimi ndiye ninayelila. Nimekukumbuka. Pengine nilikujibu kwa ukali mwezi wa pili.

Uthmani, bado unapanda naye? Hukuniambia. Nimemuuliza Bi Fatouma juu ya afya ya Huseni, akaniambia bei ya dagaa.

Dada yako,
Mwantum


Buyenzi
21 Juni 1998

Dada,

Salamu kwenu. Nimefurahi moyo umetulia. Huku kiangazi kimeingia, vumbi ni jingi, kila kitu kinalia kwa kukosa mafuta.

Nilikaa na barua yako siku nyingi. Pale pa hina sikuweza kupapita.

Nikujibu hili la Bi Irène, maana ndilo naliweza. Nilikuwa nadhani ile primu ni pesa ya woga. Sasa najua si ya woga, kwa sababu woga hata mimi kwenye kiti cha kulia nilikuwa nao. Ni pesa ya kutosimama. Konvoi haimngoji mtu. Lori likiharibika, la nyuma linakupita, na la nyuma yake, na wanajeshi wa mwisho wanakupita, wanakutazama tu. Dereva analipwa ili aendelee kwenda hata pale mguu unapotaka kukanyaga breki na mkono unapotaka kufungua mlango. Kwenye kona za mwisho kabla ya Bugarama viganja vinatoka jasho mpaka usukani unateleza. Nimefunga kitambaa.

Usiniulize nimejuaje jasho la usukani.

Na kiti cha kulia kikiwa kitupu, dada, kinapiga kelele. Springi zake zinabonyea kwenye mashimo kana kwamba mtu amekalia. Pale kona ya mwisho nasikia, kwa sauti yake kabisa, "We fundi, unasikia nini?" Najibu kwa nguvu. Lazima nijibu, nisipojibu anauliza tena.

Pesa iko kwa Bi Fatouma, imetimia.

Uthmani


Ujiji
2 Agosti 1998

Uthmani,

Leo sikusalimu.

Pesa imekuja nzima. Ya mwezi wa tatu ilikuja nzima, nikasema pengine patroni alikupa kabla Huseni hajaigusa. Ya mwezi wa tano ilikuja nzima. Hii nayo nimeihesabu kitandani, Houda akinitazama, na ilikuwa nzima tena, na noti zina grisi. Huseni hajawahi kuniletea pesa kamili katika miaka kumi na mmoja ya ndoa. Mwanamume yule angeweza kuacha sala kabla hajaacha noti yake ya kahawa.

Kisha unaniandikia juu ya viganja vyako kwenye usukani wa gari lake.

Nilikwenda kwa Bi Fatouma nikamshika mikono miwili. Sikumuuliza kitu. Alianza kulia kabla sijasema, akaniambia ulimwapisha kwa msahafu.

Kwa hiyo sihitaji uniambie kama amekufa. Hilo nimeshaambiwa na pesa. Nataka uniandikie jambo moja tu: tarehe. Siku gani, mwezi gani. Usinipambie, usinipe pole, usinitumie chochote. Nipe tarehe nijue mimi ni nani na tangu lini.

Mwantum


Buyenzi
30 Agosti 1998

Dada yangu,

Vita vya ng'ambo, vya Kongo, vilifunga ziwa na barua yako ilifika juzi. Nimeilalia siku mbili. Ni barua ya kwanza kati yetu isiyo na uongo ndani yake, nami nitajibu hivyo hivyo.

Jumanne, tarehe 17 Machi 1998. Kati ya saa nne na saa tano asubuhi.

Uliomba tarehe tu. Lakini tarehe bila yaliyobaki ni uongo mwingine.

Barua yako ya Februari ilifika Jumamosi ya kabla yake. Shemeji alisoma karatasi yake amesimama mlangoni, akaikunja vizuri, akaniambia: "Fundi, Mama Houda anasema tusiguse kitu kwa sasa. Tungoje kidogo." Kwa sauti ya upole, wala hakunidharau. Mimi nilipandwa na hasira. Nikamwambia basi Jumanne panda peke yako, kiti kisicholipwa hakikaliwi. Akacheka. Alidhani namtania, maana mimi na yeye tulikuwa watu wa kutaniana.

Jumanne alisimamisha lori mbele ya garaje, injini inaunguruma, mlango wa upande wangu ameufungua tayari. Mimi nilikuwa chini ya gari jingine. Alipiga honi mara tatu. Niliiona miguu yake aliposhuka, akaja mpaka karibu, akasimama. Nikaendelea kugonga nati ambayo haikuwa na haja ya kugongwa. Akasema, "Haya, fundi, kesho." Akaenda.

Breki za gari lile nilizifunga mimi na zilifungwa sawasawa. Naapa kwa hilo. Lakini kwenye kupanda, gurudumu moja la nyuma lilishika, halikuachia. Hutokea. Linaanza kulia kwa mbali, kisha linatoa moshi. Fundi aliyelizoea angesikia tangu chini, angeshuka wakati konvoi bado inapanga mstari, alilegeze. Ni kazi ya dakika kumi na ufunguo mmoja wa nati. Huseni alisikia mwishoni, au aliona moshi. Akasimama, akashuka mwenyewe kutazama. Wale wa nyuma walimpita. Dereva wa lori la mwisho aliniambia alimwona amepiga magoti kando ya gurudumu, ameshika ufunguo vibaya, kwa mkono wa kushoto.

Walimleta saa tisa, amepigwa risasi. Nilimwosha kwa mikono yangu, pamoja na wazee wa msikiti, tukamzika kabla ya magharibi. Watu walijaa. Ana kaburi zuri, dada. Mikono yake ilikuwa na grisi kwenye kucha, nilisugua sana, haikutoka yote.

Usiku uleule nilianza kukuandikia. Nikakumbuka moyo wako, nikasema ningoje wiki. Baada ya wiki nikasema ipite Idi, Houda avae nguo yake. Ikapita Idi, ukaniandikia ya hina. Baada ya hapo sikujua njia ya kurudi. Pesa ya kwanza ilikuwa yake, ya safari zake za mwisho. Zilizofuata zilikuwa zangu. Nisingeweza kukutumia mshahara wa dereva kutoka kwenye mshahara wa fundi, basi nilimwomba patroni usukani. Lori lilirudi na vioo vimevunjika, nikalitengeneza, nikapanda. Sasa nalipwa mara kumi ya zamani. Mikono ni ileile. Hakuna aliyepanda kiti cha kulia pamoja nami, na sikumwomba mtu, kwa sababu bado hakilipwi.

Sina neno jingine. Nilitaka haki yangu, na nilikuwa nayo. Hata wewe ulisema ninayo.

Uthmani


Ujiji
4 Oktoba 1998

Mdogo wangu Uthmani,

Nimekuandikia barua mbili kabla ya hii na nimezichoma zote kwenye jiko la vitumbua. Hii nitaituma.

Nilikwenda kwa shehe na tarehe yako mkononi. Nikamuuliza nianze lini eda. Akahesabu kwa vidole, taratibu, akarudia. Kisha akasema eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, nayo huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya habari. Imekwisha mwezi wa saba. Akasema, "Uko huru, mama." Nilitaka anipe japo siku moja ya kukaa chini, nyeupe mwilini, watu waje wanikute nimekaa. Hana ya kunipa. Imekwisha.

Siku zile zote nilizopaswa kukaa ndani, nilikuwa nje. Nilipaka hina. Nilijifukiza udi. Siku ya Maulidi nilikaanga vitumbua vya watu mia mbili na kuimba mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa mjane aliyejiremba, na watu wa Buyenzi wote walijua, mimi peke yangu sikujua. Umenirudishia kila faranga ya Huseni, Uthmani, hata ile aliyokuwa akiila. Lakini siku zangu umezichukua na hakuna mahali zinapouzwa.

Nakwambia haya nikiwa nimekukasirikia, na hasira haijapoa.

Sasa sikiliza lililo langu, maana nami nina lililonikaa kooni. Ile karatasi iliyofungwa. Nilimwandikia Huseni: "Uthmani ana haki, lakini usiseme. Akilipwa yeye, utapunguziwa wewe." Hivyo ndivyo nilivyoandika. Sikuogopa shingo yake tu, niliogopa ile primu igawanywe. Niliyapima masikio yako kwenye mizani ya madaftari ya Houda, nikaona ni mepesi. Niliandika mbele yako kwamba una haki, na nyuma yako nikamwandikia asiseme. Kila alfajiri nikimimina unga naisikia hiyo honi uliyoiandika, mara tatu, na mimi ndiye niliyekuzuia usitoke, kama ulivyojizuia mwenyewe.

Sitakutoza pesa. Pesa ya dereva usinitumie tena, naapa nitaitupa ziwani. Nitakuambia ninachokudai.

Eda sikukaa mimi. Ukae wewe. Siku barua hii itakapokufikia, anza kuhesabu miezi minne na siku kumi. Usishike usukani. Usipande kwenda Bugarama, kiti cha kushoto wala cha kulia. Nyumbani ruhusa, msikitini ruhusa, garaje ruhusa. Ukae chini kwa mshahara wako wa fundi, na watu wakikuuliza kwa nini, waambie unamkalia Huseni kwa niaba ya mke wake. Watakucheka. Acha wakucheke.

Usipoifanya, usiniandikie tena. Nitamwambia Houda alikuwa na mjomba. Kifo cha mume wangu sikuambiwa mapema. Cha ndugu yangu nimeamua kumwambia Houda mapema.

Dada yako,
Mwantum


Buyenzi
8 Novemba 1998

Dada yangu Mwantum,

Nakusalimu wewe na Houda. Mvua za vuli zimeanza, paa lako zima. Jana nilisomesha hitma ya shemeji, walikuja watu kama thelathini. Kila aliyeingia nilimwambia ni hitma ya Mama Houda, mimi nimesimamia tu.

Leo ni siku ya kumi na tisa.

Patroni alicheka, kisha akakasirika, kisha akampa lori kijana wa Uvira, Vainqueur, baba wa watoto wawili. Mafundi wenzangu wananiita bibi mjane. Mmoja aliniletea kanga nyeupe. Nimeipokea, nimeitundika pale ninapoweka funguo zangu.

Jumanne iliyopita Vainqueur alisimamisha lori mbele ya garaje asubuhi. Nilikuwa chini ya gari jingine. Alipiga honi. Dada, niliganda pale chini, na grisi ikinidondokea usoni. Nikatoka. Alikuwa amefungua mlango wa kulia. "Fundi, panda, twende," akasema. Nikamwambia siwezi, niko eda. Hakuelewa, akadhani Kiswahili changu na chake havikutani. Nikamwambia, "We endesha polepole mpaka kwa muuza matofali, urudi. Mi nitasimama hapa, nisikilize."

Akaenda, akarudi. Nilifumba macho. Akaniuliza dirishani, wala hakuna aliyemfundisha: "Fundi, unasikia nini?"

Nilisikia gurudumu la nyuma, kushoto, linalia kwa mbali sana. Nikamwambia zima injini, leo huendi. Nililifungua, nikalilegeza, nikalifunga upya. Ilichukua dakika kumi. Lakini konvoi ilikuwa imeondoka, na mzigo ukalala siku mbili. Patroni amenikata nusu ya mwezi. Nilimuuliza mbele ya watu zile dakika kumi angezilipa kiasi gani kama ningezifanya mwezi wa tatu. Vainqueur sasa anapita kila safari, anakwenda kwa muuza matofali na kurudi, nami nasimama pale mlangoni. Maharage ananiletea yeye.

Kiti cha kulia bado hakilipwi. Vainqueur amesema atauliza. Nimemwambia kwanza azungumze na mke wake, wakubaliane mbele yangu, kisha tuulize wote pamoja.

Kwa Bi Fatouma kuna pesa kidogo. Ni ya fundi, nusu mwezi, usiitupe ziwani. Na haikutimia. Nimetoa noti moja ya kahawa.

Mdogo wako,
Uthmani